Bonde Lililoombwa kwa Jina la Chiriku

Diwani alifika kibandani kwa Fundi na suruali ambayo haikuhitaji kupunguzwa. Fundi aliliona hilo mara tu alipoitandaza mezani. Pindo lilikuwa sawa, kiuno kilikuwa sawa, na mwenyewe alikuwa ameketi kwenye stuli ya wateja akitazama vipande vya vitambaa sakafuni kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Nipunguzie kidogo tu," alisema. "Inaburura."

"Haibururi, mheshimiwa. Sema kilichokuleta."

Diwani akacheka, akaupangusa uso kwa leso. Hakuwa mtu wa kuchukiza. Fundi alipofiwa alikuja siku ya kwanza kabisa, akavua koti, akapanga viti na vijana, akabaki mpaka watu wa mwisho walipoondoka. Fundi hakusahau.

"Ni habari ya bonde," alisema diwani.

Habari ya bonde ilikuwa midomoni mwa kila mtu. Bonde lenyewe lilianzia nyuma ya nyumba za mwisho likateremka mpaka kwenye kijito, udongo mweusi unaoshika maji hata kiangazi. Familia kadhaa zililima humo na kulisha ng'ombe tangu enzi za babu zao, ingawa kwa karatasi mwenye ardhi alikuwa halmashauri. Kwenye ramani liliandikwa ardhi ya kilimo na malisho, na ardhi ya namna hiyo haijengwi kitu. Sasa kampuni moja ya mjini ilikuwa tayari kujenga shule na viwanja vya michezo, ila kwanza matumizi ya ardhi yabadilishwe, na sheria ilitaka wakazi waulizwe. Kikao kilikuwa kimetangazwa. Watu walikuwa wamegawanyika hata ndani ya nyumba moja.

"Watakuja wataalamu, wataongea mambo ya ramani," diwani aliendelea. "Watu watasinzia. Wewe ukisimama hakuna atakayesinzia. Sikulazimishi, mama. Ila unajua mwenyewe."

Alijua. Shule iliyokuwepo ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, na barabara hiyo ilikuwa ya malori ya kokoto yanayoshuka kilima yakiwa yamejaa. Mwanawe alikuwa akiivuka kila asubuhi na wenzake. Walimwita Chiriku kwa sababu hakuwa na breki mdomoni. Alianza kuongea kabla hajafumbua macho, na alilala katikati ya sentensi. Asubuhi moja ya mvua lori lilishindwa kusimama. Wenzake walikuwa wameshavuka. Yeye alikuwa amebaki nyuma akimsimulia mtu jambo.

Alikuwa mtoto wake wa pekee. Kabla ya hapo watu walimwita Mama Chiriku. Baada ya mazishi hawakujua wamwiteje, kila mmoja akalikwepa jina, wakaishia kumwita Fundi.

"Nitakuja," Fundi alimwambia diwani, akamkunjia suruali yake akampa.

*

Siku mbili tatu kabla ya kikao, shemeji yake alikuja nyumbani jioni jua likiwa bado lipo. Alikuwa kaka mkubwa wa mumewe, na watu wote, hata wasio ndugu, walimwita Kaka. Mtu wa kifua kipana na maneno machache, aliyeishi ukingoni mwa bonde na mkewe na mama yao mzee. Yeye ndiye aliyemwokota Chiriku barabarani. Alikuwa akipeleka maziwa, akaona watu wamesimama, akamtambua mtoto kwa viatu. Hakungoja gari la mtu. Alimbeba mikononi mpaka nyumbani, na shati alilovaa siku ile hakuna aliyeliona tena.

Mume wa Fundi, ambaye alikuwa mwashi, alikuwa uani akisugua saruji kwenye vidole kwa mafuta ya taa. Aliacha, akamletea kaka yake kiti.

"Shemeji," Kaka alisema, "nimekuja kwako kabla ya kikao, tusije tukaongea kama wageni mbele za watu. Mimi sipingi shule."

"Wanasema unapinga."

"Wanasema. Sikiliza. Kule juu, upande wa mawe, kuna nafasi. Halimwi pale, hata magugu yanapata taabu. Shule inakaa pale vizuri na watoto wanabaki na uwanja wao wa kukimbia. Kinacholimeza bonde si shule. Ni ule uwanja mkubwa, na majukwaa, na maegesho ya magari. Magari ya nani, shemeji? Nani hapa ana gari?"

"Wakinyimwa uwanja wataondoka na shule yao."

"Nani kakwambia?"

"Diwani."

"Basi tumuulize pamoja pale kikaoni. Aseme mbele za watu kipi kinajengwa kwanza. Mimi na wewe."

Fundi alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Aliendelea kuchambua. Alisikia kila neno, na alijua si neno la mjinga. Lakini tangu mtoto afe kulikuwa na kitu kimemkaa kifuani kama jiwe, na kitu pekee kilichowahi kulisogeza jiwe hilo kilikuwa ule mchoro aliouona ukutani ofisini kwa diwani, wenye madarasa na watoto waliochorwa wakitembea bila kuvuka barabara yoyote. Aliogopa kuushika mchoro ule kwa nguvu, usije ukachanika.

"Nimekusikia, shemeji," alisema tu.

Kaka alipoondoka, mumewe alibaki amesimama mlangoni.

"Kaka ana hoja."

"Wewe una watoto wangapi?"

"Nilikuwa na mmoja," mumewe alisema, akarudi uani kusugua vidole ambavyo vilikuwa vimeshatakata.

*

Kikao kilifanyika katika ghala la zamani la ushirika. Lilikuwa halihifadhi mazao tena lakini bado lilinuka magunia, na mizani kubwa ya chuma ilikuwa pale pale pembeni, imepata kutu. Vijana watatu waliikalia kwa kukosa mabenchi. Mbele palipangwa meza. Alikaa diwani, akakaa afisa ardhi wa halmashauri, mwanamume mwembamba aliyeandika kila kitu, na mwakilishi wa kampuni, kijana mtanashati mwenye viatu vyeupe pee. Watu walivitazama vile viatu na kukonyezana, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha na njia yote ilikuwa tope.

"Huyu kabebwa mgongoni," mama mmoja muuza maziwa alinong'ona, na benchi lake zima likatikisika kwa kicheko.

Mchoro ulibandikwa ukutani. Katikati ulitanda uwanja wa kijani uliozungukwa na majukwaa. Shule ilikuwa kwenye kona ya juu, madarasa madogo madogo mekundu yaliyopangwa kama vibiriti.

Watu waliongea. Vijana walitaka uwanja na ajira. Mwenye duka alitaka wateja. Mwenye bucha alisema yeye anaunga mkono chochote kitakachokusanya watu wenye njaa, watu wakacheka, hata kijana wa viatu vyeupe. Bibi mmoja aliuliza atapanda wapi viazi, akaambiwa atalipwa fidia ya mazao yaliyopo shambani. Akauliza na ya mwaka unaofuata je? Hakujibiwa, akakaa huku akinung'unika.

Kisha akasimama Kaka. Alikuwa amevaa koti lake la shughuli, na kofia ameishika mikononi.

"Mimi nina swali moja," alisema. "Ule uwanja na ile shule, kipi kitaanza?"

Kijana wa viatu vyeupe alitabasamu. "Mzee wangu, huu ni mradi mmoja. Hauwezi kukatwa vipande."

"Hata nyumba ni moja, lakini kuna ukuta unaoanza na ukuta unaofuata. Mdogo wangu huyu hapa ni mwashi, muulize. Mnaanza na kipi?"

Minong'ono ilipita ukumbini. Mtu mmoja nyuma akasema, "Ajibu!" Mwingine akaitikia, "Ajibu bwana!" Afisa ardhi aliacha kuandika akamtazama kijana, naye akamtazama diwani.

"Na kama ni shule," Kaka aliendelea, "kwa nini isijengwe kule kwenye mawe, tukaachiwa bonde? Mimi nikiona msingi wa shule umechimbwa, nitakuja mwenyewe na jembe kuwasaidia kusawazisha uwanja."

Watu walipiga makofi. Upepo ulikuwa umegeuka. Kila aliyekuwemo mle ndani aliuona. Diwani aliyainua macho akamtazama Fundi, basi.

Hakuna aliyemsukuma. Fundi alisimama mwenyewe, na alipokuwa wima watu walinyamaza kabla hajafungua kinywa, mpaka wale vijana juu ya mizani wakateremka.

"Mnanijua," alisema. "Nimewashonea wengi wenu. Mwanangu nilimshonea sare kubwa kidogo ili aivae miaka miwili. Hakumaliza hata muhula."

Mwanamke mmoja alianza kulia. Fundi hakulia. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Kila asubuhi nasikia watoto wenu wakipita dirishani kwangu wakienda barabarani. Nasimamisha cherehani mpaka wafike. Najua muda wanaofika. Nyinyi mnakunywa chai. Mimi nangoja nisikie breki. Leo mmeletewa shule upande huu wa barabara, na mnauliza ijengwe kwenye mawe au kwenye udongo, ianze shule au uwanja. Jamani. Wakianza na choo, waanze na choo. Ila waanze!"

Angekaa hapo. Wengi baadaye walisema hivyo, na yeye mwenyewe alijiambia hivyo mara nyingi kuliko wote. Lakini Kaka alikuwa bado amesimama, na Fundi akageuka akamtazama, na jiwe lililokuwa kifuani likapata njia.

"Shemeji yangu anahesabu matuta yake. Ahesabu. Mimi sina cha kuhesabu. Kama lingekuwa tumbo la mke wake lililozaa yule mtoto, leo angekuwa anauliza habari za mahindi?"

Ukumbi mzima ulishusha macho. Kila mtu alijua ni mikono ya nani iliyomleta Chiriku nyumbani. Kila mtu alijua pia kwamba Kaka na mkewe hawakujaliwa mtoto, na kwamba Chiriku alikuwa akishinda kwao kuliko kwa mama yake.

Kaka alifungua mdomo. Aliizungusha kofia yake mara moja, polepole, kama anayetafuta upande wa mbele. Kisha akakaa.

Diwani aliomba mikono. Iliinuka mingi, ikajaa hewani. Wa muuza maziwa uliinuka, wa mwenye bucha, hata wa yule bibi wa viazi, huku analia. Mume wa Fundi alikaa na mikono yake katikati ya magoti, na hakuiinua kwa upande wowote.

*

Bonde lilibadilishwa kwenye ramani kabla ya mvua zilizofuata. Familia zililipwa mazao yao na kupewa muda wa kuondoka. Kaka aliuza ng'ombe wote mnadani kwa siku moja, jambo ambalo mtu wa ng'ombe halifanyi akiwa na akili timamu, akahamia na mkewe kwa mashemeji zake, mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Hakuja kumuaga Fundi. Alimuaga mdogo wake, tena kwa kumkuta njiani.

Mama yao alikataa kwenda. Alisema hawezi kuzeekea ukweni kwa mwanawe kama mkoba. Basi akahamia kwa Fundi, akapewa chumba kilichokuwa cha Chiriku.

Hakugombana. Afadhali angegombana. Aliamka mapema, akafagia, akakunja nguo zake, akaketi kwenye kiti karibu na mlango. Ila hakumsemesha Fundi. Wakiwa mezani, watu watatu, sahani tatu, bibi alimgeukia mwanawe: "Mwambie mkeo chumvi imezidi."

Na mwashi, mtu mzima mwenye mvi, aligeuka upande wa pili: "Mama anasema chumvi imezidi."

"Nimesikia."

"Mama, amesikia."

Siku za mwanzo mwashi alidhani ni hasira itakayopoa. Baadaye akawa anakawia kazini ili chakula kiliwe bila mkalimani.

Kazi yenyewe ilikuwa bondeni. Kampuni ilihitaji waashi, na kwa mwashi wa pale kazi nyingine ilikuwa kusubiri mtu aangukiwe na ukuta. Alijenga uzio. Alipofika kwenye nyumba ya kaka yake, iliyokuwa imeshabomolewa, msimamizi alimwambia mawe ya msingi ni mazuri, yatumike. Aliyatumia. Jioni hiyo alimwambia mkewe jambo hilo kwa maneno hayo hayo, bila kuongeza, na Fundi akaacha kula.

Uwanja ulianza. Ulisawazishwa, ukapandwa nyasi, ukawekewa pampu ya kuvuta maji kijitoni. Zikapanda nguzo za taa. Yakapanda majukwaa. Mabasi yalianza kuleta watoto kutoka mjini kuja kufanya mazoezi, watoto wenye soksi ndefu na chupa za maji, wakashuka, wakacheza, wakapanda, wakaondoka. Upande wa juu, kwenye mawe, kilisimikwa kibao kinachosema shule itajengwa katika awamu ya pili. Mbuzi walijikuna kwenye nguzo zake.

Fundi alikwenda kwa diwani mara ya kwanza, akapewa soda. Akaenda mara ya pili, akaambiwa mambo haya yana taratibu zake. Mara ya tatu diwani alikuwa kwenye kikao, ingawa kiatu chake kilionekana chini ya mlango. Mtaani ilikuwa imeshaenea kwamba Fundi aliahidiwa kushona sare za shule yote, na ndiyo sababu aliongea vile. Hakuahidiwa. Alijaribu kuwaambia watu wawili watatu, akaona wanavyoitikia kwa kichwa, akaacha.

Kisha binti wa muuza maziwa akagongwa na pikipiki barabarani. Hakufa. Mguu ulivunjika mahali pawili ukaunga vibaya, na akatoka hospitali akitembea kama anayepanda ngazi. Muuza maziwa hakuwa na maziwa ya kuuza tena tangu ng'ombe wa Kaka waondoke, alikuwa akiuza maandazi. Alikuja kibandani akasimama mlangoni, hakuketi.

"Niliinua mkono kwa sababu yako," alisema.

"Najua."

"Kaka aliuliza swali. Nilikuwa nataka kusikia jibu. Ukasimama wewe." Alisema bila kupaza sauti, kama anayemweleza mtu njia. "Sikulaumu kwa la mwanangu. Pikipiki si yako. Nimekuja kukwambia hilo tu, kwamba nilikuwa nataka kusikia jibu."

Siku iliyofuata Fundi alifunga kibanda akaenda halmashauri. Hakumtafuta diwani. Alimtafuta yule afisa ardhi mwembamba, akamkuta katika chumba kilichojaa ramani zilizokunjwa, akila karanga.

"Mama, nakukumbuka," alisema afisa, akasogeza karanga pembeni.

"Shule iko wapi?"

Afisa alifuta vidole. Alionekana kama mtu aliyelitegemea swali hilo kwa muda mrefu na bado hakuwa tayari. "Kikao kilipitisha matumizi ya ardhi. Elimu na michezo. Kampuni imejenga michezo. Kisheria haijakosea."

"Na elimu?"

"Hakuna kilichosema lini. Hakuna kilichosema kipi kianze. Yule mzee aliuliza, nikawa nimeshika kalamu, nangoja kuandika jibu. Lingeandikwa, lingekuwa sharti. Jibu halikutoka, mama. Kilichofuata ni maneno yako. Nayo niliyaandika, lakini hayakuwa na tarehe."

Fundi aliuliza kama kuna la kufanya. Afisa alisema wanaweza kuomba kikao kingine. Alisema vile kwa upole sana, na upole ule ulimwambia Fundi kila kitu.

*

Alipanda basi kwenda kwa Kaka bila kumwambia mtu isipokuwa mumewe. Alimkuta nyuma ya zizi la mashemeji zake akichonga mpini wa jembe. Alikuwa akichunga ng'ombe wa watu. Amekonda, na nywele zimekuwa nyeupe upande mmoja zaidi ya mwingine.

Mkewe alimkaribisha kwa adabu, akampa maji, akaingia ndani asitoke tena.

"Shemeji," Fundi alisema, "nilikosea. Si bonde tu. Lile neno la mwisho."

Kaka aliendelea kuchonga. Vibanzi vilianguka juu ya miguu yake.

"Unajua kwa nini nilikaa?" alisema. "Watu wanadhani ulinishinda. Nilikuwa na la kujibu. Nilitaka kusema kwamba nilipombeba alikuwa bado anaongea."

Fundi alishika ukingo wa benchi.

"Kidogo," Kaka alisema. "Alikuwa anamalizia lile jambo alilokuwa akisimulia. Kitu cha paka wa jirani. Mpaka kwenye ule mnazi uliokatika, hapo akanyamaza. Sikukwambia kwa sababu niliona hutaweza kulibeba. Siku ile kikaoni likanijia mdomoni, nilirushe, nikunyamazishe mbele za watu. Nikaona nikilirusha mimi si mtu tena. Basi nikakaa."

Ng'ombe alikohoa zizini. Fundi alikuwa analia sasa, kilio kile ambacho hakukilia ukumbini, bila sauti, mdomo wazi.

"Rudi nyumbani," alisema alipoweza. "Mama yupo. Tutakujengea chumba."

"Nirudi nikatazame nini? Nyasi?" Hakusema kwa uchungu. Aliujaribu mpini mkononi, akauona bado mnene. "Mama anakula?"

"Anakula. Haniongeleshi."

"Mpe uji mwepesi. Meno ya upande wa kushoto yanamsumbua, hatasema."

Hakusema kwamba amemsamehe, naye hakuthubutu kuuliza. Kesho yake alfajiri Kaka alimsindikiza mpaka kituoni, akangoja basi lije, akampa nauli ya kurudia ingawa Fundi alikuwa nayo.

Nyumbani bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Fundi alivua viatu, akapita, akasimama.

"Nimetoka kwa Kaka," alisema.

Mumewe hakuwepo. Hapakuwa na wa kupitisha maneno. Bibi aliikunja na kuikunjua kanga magotini.

"Umemkuta na afya?"

"Amekonda, mama."

"Wewe ndiye uliyemkondesha," alisema bibi. Hayo, na lile swali, yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu ahamie. Tangu siku hiyo alimsemesha, na mengi aliyoyasema yalikuwa ya namna hiyo, na Fundi aliyapokea yote. Uji alimpikia mwepesi.

*

Kikao kingine kiliitishwa, lakini si kwa kuombwa na Fundi. Kampuni ilitaka upande wa mawe nao, ule wa kibao, ili ijenge hosteli ya wachezaji. Ilibidi neno elimu liondolewe kwenye ramani.

Ghala lilijaa tena. Mchoro ulikuwa mpya, na haukuwa na vibiriti vyekundu. Safari hii diwani hakumtazama Fundi hata mara moja. Fundi alisimama bila kupewa nafasi.

"Nilisimama hapa nikawaomba mpitishe," alisema. "Leo naomba mkatae. Mtu mmoja aliuliza swali la maana, nikalizima kwa kifo cha mwanangu. Diwani aliniomba niseme, lakini kusema nilisema mwenyewe. Nawaomba mkatae, na muulize lile swali upya."

Kijana mmoja, ambaye alikuwa mlinzi wa uwanja, akasema kutoka nyuma, "Mama, tunakuheshimu. Lakini kila kikao utatuletea marehemu?"

Baadhi walimzomea. Si wengi. Wengi walikuwa na mtu bondeni, anayekata nyasi, anayefagia majukwaa, anayeuza maji langoni. Diwani aliomba mikono ya wanaokubali, ikainuka. Kisha ya wanaokataa. Fundi aliinua wake. Muuza maandazi akainua, na binti yake mwenye mguu mbovu, ambaye hakuwa na umri wa kupiga kura, akainua pia, na hakuna aliyejisumbua kumshusha. Kisha Fundi akaona mkono mwingine juu ya vichwa, wenye vidole vilivyoliwa na saruji. Mumewe alikuwa amesimama, ilhali msimamizi wake yuko kiti cha tatu kutoka kwake.

Hawakutosha. Kibao kiling'olewa wiki hiyo hiyo.

Mwashi aliambiwa kazi imepungua. Akaenda kutafuta mjini, huja nyumbani mara moja moja, akiwa amechoka na hana habari za kusimulia. Bibi alifariki kiangazi kilichofuata. Kaka alikuja kuzika, akakaa kwenye mkeka na wanaume, akaondoka na basi la asubuhi, na alipoagana na Fundi alimshika mkono kwa mikono miwili.

Fundi bado anashona. Ila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, hushuka mpaka barabara kuu na yule muuza maandazi, na siku hizi kuna mama wengine watatu. Wamejishonea vizibao vya kitambaa cha njano kinachoonekana kwa mbali. Husimama katikati ya barabara, mikono imetandazwa, na malori hupiga honi kutoka juu kilimani.

"Tokeni barabarani, nyie wanawake! Mna wazimu?" dereva mmoja aliwapigia kelele juzi, kichwa nje ya dirisha.

"Tunao!" muuza maandazi alimjibu. "Simama!"

Akasimama. Watoto wakavuka, wakubwa mbele, wadogo nyuma. Mmoja aliyekuwa wa mwisho kabisa alikuwa anaongea na mwenzake, hatazami anakokwenda, na Fundi akamshika begani akamsukuma mbele, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.